Tulivyokwenda Ndera Kukiposea Chuo

Nilifika Kigali kwa lori la mchele. Safari ilianzia Shinyanga, nikiwa nimeketi kushoto kwa dereva asiyependa mazungumzo, na kwa kuwa mimi mwenyewe ni dereva nilijikuta nakanyaga breki isiyokuwepo kila tulipoteremka mlima. Kahama, Ushirombo, Runzewe, Nyakanazi. Baada ya hapo vilima vya Ngara vilianza, na lori likawa linapumua kama mtu mgonjwa. Mpakani Rusumo askari walinikagua mkoba wakaondoka na mifuko yangu yote ya nailoni, maana Rwanda imeipiga marufuku, karanga zangu wakanimiminia kwenye kofia. Tulivuka daraja, maporomoko yakiunguruma chini yetu, na upande wa pili dereva akahamia mkono wa kulia wa barabara, wanakoendesha Wanyarwanda, kama mtu anayegeuka kitandani. Nilishika dashibodi kwa mikono miwili. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu Shinyanga.

Sikuwa na mpango wa kubaki. Nilimaliza kidato cha nne Tabora, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kuhama: Mbeya, Tunduma, Lubumbashi, Mwanza. Nina tatizo la kukumbuka nilikotoka. Nikiwa Tunduma naililia Mbeya, nikiwa Mwanza naota Lubumbashi. Lakini lori lilikaa Kigali kwa sababu ya injini, nami nikapata chumba Nyakabanda, juu ya duka la fundi seremala, nikawa naamka na harufu ya mbao zilizorandwa. Asubuhi ukungu ulikuwa unajaa mabondeni na vilima vinatokeza juu yake kama vichwa vya watu wanaoogelea. Lori lilipopona, liliondoka bila mimi.

Mwenye nyumba aliniambia kuna chuo kikuu kinatafuta dereva wa basi dogo. Ni chuo cha binafsi, si kikubwa, juu ya kilima ambapo unaziona ndege zikishuka Kanombe. Walitaka dereva mtu mzima asiye na haraka. Nilikuwa na mvi kiasi, nikapewa funguo.

Bosi wangu alikuwa mama mmoja aliyekuwa mkuu wa masuala ya wanafunzi. Alizaliwa na kukulia Tanzania, kama wengi wa rika lake waliorudi kutoka ukimbizini, na Kiswahili chake kilikuwa cha Mwanza kabisa. Nilimwita Mama, yeye aliniita kaka, ingawa ofisini watu wote waliitana kwa vyeo. Kilichomnyima raha kilikuwa kitu kimoja. Wanafunzi walikuwa wanaingia wengi na kumaliza wachache. Mwaka wa kwanza ukumbi unajaa mpaka dirishani. Siku ya joho, safu za nyuma zina viti vitupu.

"Wengi hawafeli, kaka," aliniambia siku moja tukisubiri taa za barabarani. "Wakifeli ningeelewa. Wanapotea tu. Leo yupo, kesho hayupo, simu imezimwa."

"Si mnawaandikia?"

"Tunawaandikia. Wewe ukipotea, halafu ukaandikiwa na ofisi, utarudi?"

Nilimwambia ukweli: nisingerudi.

Vikao vilikaliwa. Nilikuwa nawapeleka wakubwa kwenye hoteli za vikao na kuwasubiri, wakatoka na maneno mazito. Lakini mama huyu akaanza jambo lake mwenyewe, na alilitoa katika desturi ya pale. Wanyarwanda wana safari ya kwenda kumwona mama aliyejifungua. Wanaiita guhemba. Watu hujikusanya, hubeba maziwa na unga wa uji, huenda, huketi, hula kinachotolewa, hucheka na mtoto. Hawahoji, wala hawatoi ushauri. Mama akasema: mwanafunzi aliyepotea tumwendee hivyo hivyo. Twende na wanafunzi wa darasa lake, wala tusimuulize kwa nini. Tukae tu, ajue kiti chake bado kipo.

Nilidhani ni jambo la kuchekesha. Nilikuwa naendesha gari na kutazama kwenye kioo vijana wakiwa na madumu ya maziwa mapajani. Halafu nikaona mmoja akirudi. Tulimkuta Nyakabanda, mtaa wangu mwenyewe, akiranda mbao pale chini ya chumba changu. Alikuwa ameshindwa somo moja mara mbili akaona aibu. Wenzake hawakutaja hata jina la somo. Walikaa kwenye maranda, wakanywa soda, wakataniana. Jumatatu alikuwa kituoni ananisubiri, na maranda bado nyweleni. Kuanzia hapo nikaacha kucheka.

Lakini ninayetaka kumkumbuka hapa ni binti wa Ndera, pembezoni mwa Kigali.

Alikuwa mwaka wa mwisho, uhandisi wa maji. Utafiti wake ulihusu kuvuna mvua kwenye mapaa ya nyumba za vilimani, na wenzake walisema ndiye aliyekuwa kichwa cha kikundi. Alibakiza vipindi vichache, kuandika na kutetea kazi yake, basi. Akapata mimba. Kijana aliyehusika alihama mji na namba ya simu. Binti akarudi kwao Ndera, akajifungua, akanyamaza. Chuo kilikuwa na kanuni: usipotetea kazi yako kabla ya mwaka huo wa masomo kuisha, unaanza upya mwaka mzima. Mama alijua wazi kwamba akianza upya hatarudi kamwe. Muda uliobaki ulikuwa mfupi.

Tulikwenda Jumamosi ya umuganda, ile ya mwisho wa mwezi, maana asubuhi kila mtu yuko kwenye kazi za mtaa na mchana utamkuta nyumbani. Hapo ndipo vijana walipokosea, na ni kosa ambalo wao tu wangeweza kulifanya, kwa heshima yao. Kwa kuwa safari hii kweli kulikuwa na mtoto mchanga, waliona haifai kwenda kienyeji. Wavulana wakavaa suti. Wasichana wakavaa mishanana, yale mavazi ya shereheni yanayofungwa begani. Unga wa uji wakautia kwenye kikapu cheupe chenye kifuniko kirefu kilichochongoka. Na mimi, kwa ujinga wangu wa mgeni, nililiosha basi mpaka likang'aa.

Mama alipotoka ofisini akatuona, alisita kidogo. "Mmependeza mno," akasema, lakini akapanda.

Barabara ya Ndera inapanda kati ya migomba na nyumba mpya zisizopakwa rangi. Watoto walikimbia mbele ya gari wakipiga kelele. Tulipofika uani, kabla sijazima injini, bibi mmoja mnene, shangazi wa yule binti, alituona kupitia uzio. Akaona suti. Akaona mishanana. Akaona kikapu. Akapiga vigelegele vilivyonisimamisha nywele.

Mambo yalikwenda haraka kuliko akili yangu. Majirani walitokea na viti vichwani. Mabenchi yakapangwa safu mbili zikitazamana, sisi tukasukumwa kwa upole kwenye moja. Baba wa binti, mzee mwembamba mrefu, aliingia ndani akatoka amevaa koti. Mlangoni alisimama binti mwenyewe, mtoto begani, macho makubwa.

Mama alininong'oneza, "Yarabi. Wanadhani tumetoka kwa yule kijana. Wanadhani tumekuja kushika mlango."

Nilijua maana yake. Ndiyo hatua ya kwanza ya posa pale: ukoo wa mvulana huja kuomba rasmi, na msemaji wa kila upande hushindana kwa maneno.

"Waambie," nikasema.

"Mimi? Mwanamke hasemi hapa. Anasema mwanamume mwenye umri." Akanitazama mvi.

"Mama, mimi ni dereva."

"Leo siyo."

Kijana mmoja nyuma yangu, mtani wa darasa, akaninong'oneza kwa Kiswahili chao cha Kigali, "Muzee, kazi iko kwako. Usitupoteze tu, suti nimeazima."

Baba alianza kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya taratibu. Mama akamweleza kwamba msemaji wetu ametoka Tanzania. Uso wa mzee ukafunguka. Alikuwa amekulia Karagwe; akahamia kwenye Kiswahili safi cha zamani.

"Wageni, tumewaona. Hatujui mlikotoka, ila hamfanani na watu waliopotea njia."

"Hatukupotea, mzee."

"Basi semeni. Watu wazuri kama ninyi mmekosa nini huko kwenu mpaka mkakifuate kwa watu kama sisi?"

Majirani walicheka kwa furaha; mchezo ulikuwa umeanza vizuri. Shangazi alikuwa amekunja mikono kifuani na kutabasamu kwa uso mzima. Ningeweza kuzunguka zunguka. Sikuona faida.

"Mzee, nikuombe radhi kwanza," nikasema. "Hatukutoka kwa huyo mnayemfikiria. Huyo hatumjui."

Nilisikia mbuzi akitafuna. Tabasamu la shangazi lilikaa usoni mwake muda kidogo kama taa iliyosahauliwa, kisha likazimika. Binti aligeuka akaingia ndani. Mvulana mwenye suti ya kuazima aliinamisha kichwa mpaka magotini.

Baba alikaa akitazama viatu vyake. Nilidhani atatufukuza, na angekuwa na haki.

"Mmetoka kwa nani basi?" akauliza hatimaye.

"Kwa chuo, mzee. Anakosoma."

"Chuo," akasema. "Huo ni ukoo gani?"

Jirani mmoja hakuweza kujizuia. "Siku hizi chuo kinaoa?"

Mama, ambaye alisema mwanamke hasemi, akajibu papo hapo: "Kinaoa, baba, ila hakina ng'ombe wa kutoa."

Kicheko kilianzia kwa jirani yule, kikazunguka uani, na mwishowe nikamwona baba mwenyewe mabega yakimtikisika. Alipomaliza alipangusa macho kwa mkono wa koti. Kisha alisema neno ambalo sijaacha kulistaajabia hadi leo.

"Viti vimeshapangwa. Siwezi kuwarudisha majirani nyumbani na viti vyao bila maneno kusemwa. Tuendelee." Akaketi wima. "Mnamtaka binti yangu?"

Ilinichukua muda kuelewa kwamba hafanyi mzaha. Alikuwa ameichukua aibu ile, mbele ya mtaa mzima, akaigeuza kuwa posa ya kweli.

"Tunamtaka," nikasema.

"Mlikuwa naye. Tumbo lilipoanza kuonekana, mlikuwa wapi?"

Nilimtazama Mama, naye akawageukia vijana. Msichana mmoja wa darasa alisimama, kikapu mikononi. "Tulikuwa tunaogopa kumuuliza, baba," akasema. "Tulidhani tukinyamaza tunamstahi."

Mzee alitikisa kichwa polepole, kama fundi anayekagua ufa. "Ukoo wenu, nasikia, una tabia ya kurudisha watu nusu. Mnachukua mtoto wa mtu, mnamsomesha, mnamrudisha nusu. Mimi simtoi wa kurudishwa nusu. Akiwa darasani, mtoto atashikwa na nani?"

"Mimi," akasema yule wa kikapu.

"Na mimi," akasema mwingine.

Mtani wa suti akainuka. "Mimi pia nitabeba. Rakini baba, akinikojolea?"

"Hapo utakuwa mjomba," mzee akajibu, na ua mzima ukapiga makofi.

"Na nani atamleta nyumbani kabla jua halijazama?"

Waligeuka wote wakanitazama mimi. "Dereva yupo," nikasema, kama vile namzungumzia mtu mwingine.

"Sawa. Sasa aulizwe mwenyewe. Sisi hatumtoi mtu asiyetaka."

Shangazi aliingia kumwita. Alikawia. Nilitazama ukingo wa paa. Kulikuwa na mfereji wa bati wa maji ya mvua ambao binti mwenyewe alianza kuufunga, ukaishia katikati ya ukuta. Alipotoka alikuwa amenawa uso. Hakututazama.

"Sitaki kuhurumiwa," akasema.

"Nani anakuhurumia?" yule msichana wa kikapu akamrukia. "Tumekwama! Vipimo vya mvua unavyo wewe. Profesa anatuuliza, tunamwangalia kama ng'ombe."

Binti alijizuia, akashindwa, akacheka huku amefunika mdomo kwa kichwa cha mtoto. "Mlivipoteza tena?"

"Hatukuwahi kuwa navyo!"

"Ninyi watu," akasema. Kisha akamgeukia baba yake, akaitikia kwa kichwa. Shangazi alipiga vigelegele kwa mara ya pili, vikubwa kuliko vya kwanza. Tulikunywa maziwa, wakatupa viazi na maharage, na mzee aliniuliza habari za Karagwe mpaka jua likaanza kushuka.

Kilichofuata sikukitarajia. Nimeona ahadi nyingi zinazotolewa watu wakiwa wamevaa vizuri, na nimeona zinavyokwisha Jumatatu. Hizi hazikwisha. Asubuhi nilikuwa napanda Ndera, namchukua na mtoto wake, na chuoni palikuwa na mtu anasubiri mlangoni, kila siku mtu tofauti. Nikiwa nimekaa kwenye basi chini ya mti wa uwanjani, nilimwona mvulana mwenye tai akizunguka maegesho, mtoto mgongoni kwa kitenge alichofungwa na wasichana, akimsomea kwa sauti mambo ya zege na nguvu za kuta. Mtoto alikuwa anasinzia. Wanafunzi wa madarasa mengine walimzomea kwanza, "Mama fulani! Mama fulani!" naye akawajibu, "Njooni mjifunze, mtaoa lini?" Baada ya wiki chache wale wazomeaji wakawa wanaomba zamu.

Kuna mhadhiri aliyesema darasa si mahali pa watoto wachanga. Hakubishiwa. Darasa zima lilibadilisha viti tu, binti akakaa karibu na mlango, na aliyekuwa na mtoto akakaa nje chini ya dirisha. Mtoto akilia kwa njaa, dirisha linagongwa mara moja, binti anatoka, ananyonyesha, anarudi, na jirani yake ameshamwandikia alichokikosa. Mhadhiri aliona hayo siku baada ya siku. Siku moja alisimama katikati ya sentensi, akafungua mlango mwenyewe, akasema tu, "Ingieni, kuna baridi."

Nilikuwa natazama mambo haya kutoka kwenye kiti changu, nikawa nashindwa kusoma gazeti. Katika miji yote niliyopita sikuwahi kuona kundi la watu likiamua hivyo, kimyakimya, kwamba mmoja wao hataachwa, halafu likashika neno lake wakati hakuna anayelitazama.

Siku ya kutetea kazi yake mvua ilinyesha. Ilinyesha juu ya bati la ule ukumbi kwa kelele ambazo hazikuruhusu mtu kusikia neno. Tulikuwa tumejazana nyuma, nami nilipewa ruhusa kwa sababu mtoto alikuwa kwangu. Watahini mbele walikunja nyuso. Mmoja alipaza sauti, "Endelea! Ongea kwa nguvu!"

Binti alinyoosha kidole kwenye dari. "Siwezi kushindana na vipimo vyangu, mwalimu."

Hata mwenyekiti wao alicheka. Walisubiri mvua ipungue, na walipokuwa wakisubiri alikwenda dirishani, akawaonyesha maji yanavyotoka kwenye paa la jengo la jirani na yanavyokwenda kuchimba korongo chini ya ngazi. Maswali yao mengi yalijibiwa pale dirishani. Alipita, pamoja na masahihisho ambayo wenzake walikaa naye mpaka akayamaliza.

Alivaa joho na wenzake. Alipoitwa, walisimama wote, safu nzima, kinyume cha maagizo yaliyotolewa na mshereheshaji, na vigelegele vya shangazi vilipita juu ya spika. Safu za nyuma bado zilikuwa na viti vitupu mwaka ule. Lakini nilimwona Mama akizitazama, na uso wake haukuwa ule wa kwenye taa za barabarani. Alizitazama kama mtu anayejua kila asiyekuwepo anaishi kilima gani.

Baadaye mzee alinitafuta kwenye maegesho. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akautikisa, kisha akarudi kwa binti yake.

Niliondoka Kigali muda si mrefu baada ya hapo. Hakuna aliyenifukuza. Nilianza tu kuota Mwanza, samaki na mawe makubwa ya ziwani, na ninapoanza kuota hivyo najua. Nilimwambia Mama. Akauliza, "Na msemaji wetu atakuwa nani?" Nilidhani ananitania ili nibaki.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa na basi la jioni kutoka kituo cha mabasi cha Nyabugogo, na nilipita chuoni kurudisha funguo. Dereva mpya, kijana mtulivu wa Kanombe, alikuwa ameshawasha injini. Ndani mlikuwa na vijana nisiowajua, wa mwaka wa pili, maziwa mapajani, wamevaa nguo za kawaida. Walikuwa wanakwenda kumfuata mwenzao ambaye hakuonekana tangu mama yake afariki.

Kwenye kiti cha mbele alikaa yule mzee wa Ndera, amevaa koti lake.

"Mzee! Umepotea njia?"

"Nafanana na aliyepotea njia?" akajibu. "Wamenifuata nyumbani. Wakasema kuna baba mmoja mgumu huko, hataki kumwachia kijana wake. Anasema chuo ni ukoo usiojulikana." Alivuta mkanda wa kiti, akahangaika nao, nikamsaidia kuufunga. "Nikawaambia, huyo niachieni mimi. Najua atakachouliza."

Dereva alitia gia. Mzee aliinua mkono dirishani, tayari ameshawageukia vijana nyuma yake, nikamsikia akiwafundisha nani atasimama wa kwanza na nani asithubutu kufungua mdomo, nao wakimjibu wote kwa pamoja. Niliwatazama mpaka walipoingia barabara kuu, mkono wa kulia. Kisha nikachukua mkoba wangu, nikashuka kuelekea Nyabugogo.